Mchele wa Mara Tatu

Mtaani kwetu Bagamoyo watu waliamshwa kwanza na adhana, kisha na mchi wa mama yangu. Sisemi hivyo kwa kujigamba, ingawa kujigamba nako nimekurithi kwake wala sioni haya. Kila nyumba ilikuwa na kinu chake uani, na kila kinu kilikuwa na mlio wake. Ukilala macho kitandani ungeweza kujua nani ameamka, nani amegombana na mumewe na nani ana wageni, kwa kusikiliza tu. Kinu cha mama ndicho kilichoanza mapema na kunyamaza mwisho. Ndivyo nilivyokikuta nilipozaliwa, na nilidhani dunia nzima iko hivyo.

Wanawake wengine walitwanga mpunga mara mbili. Mara ya kwanza ni kukoboa, maganda yatoke. Mara ya pili ni kupwaya, mchele utakate. Baada ya hapo mtu mwenye akili zake aliegemeza mchi ukutani akaenda kuinjika chungu. Mama alitwanga mara ya tatu. Mara hiyo haikuwa na jina kwa watu wengine. Yeye aliiita kung'arisha. Alitwanga kwa mkono mwepesi ili punje zisivunjike, akapepeta, akatwanga tena kidogo, akapepeta tena, kisha akauosha mchele mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Pumba aliwamwagia kuku, na maji ya kuoshea aliyamwaga kwenye mgomba. Mchele uliobaki ulikuwa unameta.

Mpunga wenyewe ulitoka kwenye shamba letu la bonde la Ruvu, alilotuachia marehemu baba. Kwa hiyo mama alipokuambia "mchele wangu", alikuwa na maana ya wake kuanzia tope mpaka sahani. Palipokuwa na harusi, wali wa bwana harusi alitwanga yeye. Watu wakasifu. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama yangu akisifiwa, mchele aliurudisha kinuni.

Kisha ikaja mashine. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliifunga karibu na soko, ikanguruma mchana kutwa, na wanawake wa mtaa wetu wakamshukuru Mungu kwa ajili ya mabega yao. Mama alikwenda kuiangalia. Alijipenyeza mpaka mbele, akatia mkono kwenye debe la mchele uliotoka, akausugua kiganjani, akaupuliza, akauangalia kwa jicho moja.

"Mweupe," alisema. "Lakini ni mchele wa haraka."

Akarudi nyumbani akatwanga. Siku hizo nyumba ya pili palikuwa na harusi, na watu wa utani wakaweka sahani mbili sebuleni, moja ya wali wa mashine na moja ya wali wa mama, bila kusema ipi ni ipi. Wote waliokuwamo wakainyooshea kidole sahani ya mama kuwa ndiyo nyeupe zaidi. Mimi ni mtoto wa mwanamke aliyeshindana na mashine akaishinda. Nilijivunia jambo hilo nikiwa msichana, na leo nikiwa bibi kizee bado najivunia, hata baada ya kujua niliyoyajua.

Mimi nilikuwa binti wa kwanza wa mtaa wetu kwenda Dar es Salaam kusomea uuguzi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na maneno yalikuwa mengi. Binti wa Kiislamu akalale bweni, akaoshe wanaume asiowajua? Mama aliwajibu wote kwa jibu moja: "Nimemfundisha kutwanga, ameshindwa. Acheni ajaribu kitu rahisi."

Siku mwalimu wetu, mama mmoja wa Kiingereza mwenye Kiswahili cha kujikongoja, alipoandika ubaoni herufi A, B, C na D, tulitazamana. Tulidhani anataka kutufundisha kusoma upya. Akatueleza kwamba ndani ya chakula, mbali na kile kinachoshibisha, mna vitu vidogo visivyoonekana wala kuonjwa, na mwili ukivikosa huharibika ingawa tumbo limejaa. Vitu hivyo vinaitwa vitamini. Neno hilo lilinifurahisha. Nililitia mdomoni kama tende.

Alipoanza kueleza, nikawa sisikii tena habari za Ulaya, nasikia habari za kwetu. Vitamini A alisema ni ya macho. Mtu akiikosa, mchana anaona vizuri lakini jua likizama hujigonga kwenye milango. Hupatikana kwenye maini, mchicha, matembele, mapapai, na hasa kwenye mafuta ya maini ya papa. Nikatamani kucheka. Kwetu mafuta hayo tuliyaita sifa, na tuliyapaka kwenye mbao za majahazi zisiliwe na wadudu. Kumbe mbao zetu zilikuwa zinaona vizuri kuliko watoto. Vitamini C ilikuwa ya fizi na vidonda. Mabaharia wa zamani waliokaa baharini bila tunda waliugua kiseyeye, fizi zikavuja damu na meno yakalegea. Sisi utoto wetu wote tulichapwa kwa kula ubuyu, mabungo na maembe mabichi ya kuchovya kwenye chumvi na pilipili; tulikuwa tunajitibu na wazee hawakujua. D ilikuwa ya mifupa, na hiyo hata hainunuliwi, ngozi yenyewe huitengeneza ikipigwa na jua. Watoto wanaofichwa ndani hupata matege. Nikawakumbuka watoto fulani wa nyumba za mawe, za madirisha membamba, waliotembea kama waliopanda punda.

B haikuwa moja. Mwalimu alisema B ni ukoo mzima: yuko wa pembe za mdomo na ulimi, yuko wa damu, na yuko mkubwa wao, wa mishipa ya fahamu na moyo. Huyo mkubwa anakaa kwenye ngozi nyembamba ya nafaka, chini ya ganda. Akatusimulia kwamba huko mashariki ya mbali palikuwa na kuku waliolishwa wali mweupe mtupu, wakalegea miguu wakawa hawawezi kusimama. Waliporudishiwa pumba, wakasimama. Darasa zima liliwacheka kuku hao. Mimi nilicheka kuliko wote, maana niliwafikiria kuku wa mama, wanono mpaka wanatembea kwa maringo. Sikufikiria zaidi ya kuku.

Nilipokuwa bado Dar es Salaam, kaka yangu alioa. Kaka alikuwa dereva wa lori la mazao; siku moja yuko Fukayosi, siku ya pili yuko Msata, siku ya tatu gari limemharibikia katikati. Mkewe, wifi yangu, alikuwa msichana mpole, mwembamba, mwenye aibu ya kuomba hata maji. Mama alimpenda kupita kiasi. Alimpenda hivi kwamba hakumwachia hata kushika mchi. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume. Nikaletewa habari njema, na kabla sijapata ruhusa ya kwenda kumwona nikaletewa habari nyingine. Mtoto alikuwa mzima, mtulivu, halafu siku moja akabadilika rangi akafa. Wengine wakasema ni jicho, wengine wakasema ni shetani la watoto. Mama alisema ni Mungu, na hakutaka mtu aongeze neno.

Nilimaliza masomo, nikapangiwa kazi hospitali ya kwetu Bagamoyo. Nilishuka kwenye lori la kaka nimevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, na mama alinitembeza mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, kwa kisingizio cha kwenda kuomba moto. Wakati huo wifi alikuwa na mimba ya pili, na kichefuchefu kilimtesa. Hakuweza kula kitu ila wali mweupe na chai ya rangi. Mama aliona hiyo ni heshima. Alitwanga mara tatu kila siku kwa ajili yake peke yake.

Alipojifungua, mtoto wa kiume tena, akaingizwa ndani kwa siku zake arobaini. Nyumba yetu ilikuwa na masharti yake, aliyoyaacha bibi mzaa baba, na mama aliyashika kama sala. Mzazi hali vya baridi: mchicha hapana, matembele hapana, machungwa hapana, samaki hapana. Kunde hapana, zitamsokota mtoto tumbo. Supu ya kuku ndiyo ilikuwa halali, lakini wifi akiisikia harufu anatapika. Basi ikabaki uji wa unga wa mchele wenye pilipili manga, na wali mweupe wa tui. Asubuhi uji, mchana wali, jioni wali. Mama alimpa kilicho bora kuliko vyote nyumbani mwake, na alimpa kwa moyo wote. Hilo nataka lieleweke kabla sijaendelea.

Mimi nililala nyumba za wauguzi, na kila Ijumaa mchana nilikuja nyumbani. Ijumaa moja niliwakuta majirani wamejaa ukumbini, wanakunywa kahawa, na mama katikati yao anasimulia. Niliwaamkia, wakaitikia marahaba, nikakaa.

"Huyu mkwe wangu acheni tu," mama alikuwa anasema. "Namkanda kwa maji yanayochemka, hata ah hasemi! Nyinyi mlipokandwa mlilia mpaka sokoni mkasikika."

Wakacheka. Kukandwa kwa maji ya moto kila mwanamke pale alikukumbuka.

"Na mjukuu je?" mmoja akauliza. "Mbona hatumsikii?"

"Mtulivu," mama akasema, na uso wake ukang'aa. "Halii ovyo. Mtoto wa adabu."

Jirani mmoja mkongwe, asiye na kichujio mdomoni, akasema, "Kama marehemu kaka yake."

Wenzake wakamkanyaga mguu, mazungumzo yakageuzwa upesi. Lakini mimi niliweka kikombe changu chini. Niliinuka nikaingia chumbani.

Wifi alikuwa amekaa kitandani, miguu imenyooshwa. Ilikuwa imevimba. Juu ya wayo wa kushoto palikuwa na lengelenge kubwa la kuungua, limejaa maji.

"Wifi, hiki nini?"

"Kipi?"

Aliinama kuangalia, akashangaa kuliko mimi. Hakuwa ameliona, kwa kuwa halikumuuma. Nilimfinya kidole cha mguu kwa kucha, nguvu zangu zote, naye akawa ananitazama usoni akingoja nianze.

"Tangu lini huna hisia hapa?"

"Tangu sijajifungua," alisema kwa sauti ndogo. "Ganzi ilianza vidoleni ikapanda. Nilidhani ni uzito wa mimba. Wifi, usimwambie mama. Anajisifu kwa watu kwamba mimi mvumilivu."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia achuchumae ainuke. Alichuchumaa, na hapo ndipo alipobaki. Ilibidi nimwinue kwa kwapa. Kisha nikamchukua mtoto. Alikuwa anapumua harakaharaka. Nilimpiga kidogo nyayoni alie. Alifungua mdomo, uso ukawa mwekundu, machozi yakamtoka, na sauti haikutoka. Ilitoka kitu chembamba cha kukwaruza, kama mlango unaofunguliwa polepole.

Basi mtoto wa adabu alikuwa analia kutwa kucha, na hapakuwa na wa kumsikia.

Nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Nilitoka nikiwa nimempakata mtoto, nikasema mbele ya wageni kwamba mzazi anakwenda hospitali sasa hivi. Mama akasimama mlangoni.

"Hatoki. Arobaini haijatimia."

"Mama, akitimiza arobaini humu ndani, atatoka amebebwa mabegani."

Mama aliinua mkono wa kunipiga, mkono wa kutwanga, na najua ungenilaza chini. Haukushuka. Alimtazama mtoto mikononi mwangu, na mtoto wakati huo alikuwa bado amefungua mdomo analia bila sauti. Mama akaondoka mlangoni akaturuhusu tupite. Bahati kaka alikuwa amefika, lori liko barabarani lina magunia ya mahindi. Tukamfunika wifi kwa mabuibui mawili, kaka akambeba akamweka mbele, na mama akapanda nyuma juu ya magunia, kanga kichwani, hajawahi kupanda lori maisha yake.

Daktari alimpiga wifi goti kwa kinyundo chake. Mguu ulitakiwa kuruka, haukuruka. Akasikiliza moyo wake, kisha wa mtoto, akauliza mgonjwa anakula nini. Mama akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Wali, bwana daktari. Mweupe pe! Mtaa mzima hakuna anayekula mweupe kama ule."

Daktari akanitazama, nami nikamtazama, na wakati ule ndipo wale kuku wa darasani waliponirudia, na safari hii sikucheka. Wakachomwa sindano za vitamini B, wifi na mwanawe. Baadaye daktari akaniita kando. Alisema sindano zitawainua, na mtoto ataonyesha nafuu upesi. Lakini wakirudi nyumbani kula vilevile, ugonjwa utarudi, na kwa mtoto mchanga ukirudi mara nyingi hausubiri gari. "Zungumza na mama yako," akasema, kana kwamba ananituma nikamwombe chumvi.

Mnijuao mnajua siogopi maneno. Siku ile niliogopa. Ningemwambiaje mwanamke aliyeishinda mashine kwamba ushindi wake ndio unaomlaza mkwewe? Na kama hatanisikia, basi mtoto yule alikuwa na maisha ya kufikia chungu cha kwanza cha nyumbani tu.

Kesho yake nilikwenda nyumbani. Nilimsikia tangu kona ya mtaa. Alikuwa kwenye mara ya tatu, mkono mwepesi, anaandaa chakula cha kupeleka hospitali.

"Mama, weka mchi chini."

"Niuweke chini, mgonjwa wangu atakula nini?"

"Ale mchele wa mara moja."

"Mchele wa mara moja ni wa kuku."

"Basi ale wa kuku."

Akasimama. "Mchele wangu una nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ile ya kuuliza nani amevunja mtungi.

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kwa Kiswahili chetu, hakuna herufi hakuna nini. Kwamba mpunga umeumbwa na nguo mbili, ya nje ngumu na ya ndani nyembamba. Ya nje ni takataka. Ya ndani ndiyo yenye dawa ya mishipa na moyo, na ndiyo inayotoka kwenye mara ya pili na ya tatu ikawa pumba. Mtu anayekula samaki na kunde na mboga hapati madhara, maana anaipata huko. Asiyekula kitu kingine ila wali mweupe haipati popote, na mtoto anayenyonya kwake haipati pia. Nikamsimulia habari za kuku wa mashariki ya mbali.

Mama hakunitazama. Alikuwa anawatazama kuku wake, waliokuwa wanachakura pumba miguuni pake, wana miguu imara, wananona.

"Hawa?" akauliza.

"Hawa hawa."

Akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mchi bado mkononi. "Kumbe nilikuwa namnyang'anya mkwe wangu nawapa kuku."

"Hukujua, mama. Hapana aliyejua."

"Hapana aliyejua," akarudia. Kisha akauliza bila kuinua uso, "Na yule wa kwanza?"

Nilikuwa na uongo mwingi mzuri mdomoni. Tulifundishwa kumpoza mgonjwa, na mimi nilikuwa hodari wa kupoza. Lakini huyu hakuwa mgonjwa, alikuwa mama yangu, na hakuwahi kunipa kitu nusu nusu.

"Sijui, mama. Sikuwapo. Huenda."

Aliufuta mchi kwa pindo la kanga, juu mpaka chini. Kisha akasema, "Nenda kazini, unachelewa," na mimi nikaenda nikilia njia nzima, sare yangu na kiburi changu, sikujali nani ananiona.

Usiku ule nilirudi kulala nyumbani, nikihofia kumwacha peke yake. Asubuhi nilisikia mchi ukianza, baada tu ya adhana kama kawaida. Ulitwanga kwa nguvu, mara ya kwanza, kukoboa. Nikasikia ungo unapepeta. Nikangoja mara ya pili. Haikuja. Nilikaa kitandani nikasikiliza, na naapa nilihisi mtaa mzima umekaa kitandani unasikiliza. Vinu vingine navyo vikasita, kimoja baada ya kingine. Haukupita muda tukasikia hodi, na jirani yule mkongwe akaingia uani na kanga yake ameivaa kinyume, nyuma yake wawili wengine.

"Shoga! Kinu kimenyamaza. Nani amekufa?"

Mama alikuwa amesimama katikati ya ua, ungo mkononi. Mchele uliokuwamo ulikuwa na wekundu, na vipande vya maganda bado vimo.

"Hajafa mtu," alisema. "Na mara hii hafi mtu."

"Basi umechoka?"

"Mimi nichoke?" Nilimwona anavyonyooka. "Nipe mpunga wako na wa shoga zako wote nikutwangie mara nne hapa hapa. Sikuchoka. Nimeacha."

Nikajua nimempata mama yangu. Na nikajua zaidi ya hapo, kwamba ule ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wa mashine, maana mashine ilikuwa ya mtu mwingine na hiki kiburi kilikuwa chake.

Tangu siku ile akawa mkali kupita daktari. Wifi aliporudi nyumbani alikuta kunde zinamngoja, na matembele, na samaki, na wali mwekundu. Masharti ya bibi mzaa baba aliyafutilia mbali kwa mdomo wake mwenyewe: "Bibi yenu alikuwa na masharti, mimi nina mjukuu." Mtoto alilazwa uani asubuhi apigwe na jua kidogo, na ole wake aliyempitishia kivuli. Herufi aliniuliza zote, akazishika, akazitumia anavyotaka. Ukipita uani kwake alikuuliza, "Leo umekula C?" na usipokuwa na jibu alikuwekea ndimu mkononi. Mtaani wakamtania kuwa amefungua hospitali. Hakukanusha.

Arobaini ilipotimia alialika watu wengi kuliko harusini. Wali ulipakuliwa kwenye masinia, na ulikuwa mwekundu, wenye harufu ya nafaka, ukakaa mbele ya wanawake waliokuwa wamekuja na hamu ya weupe wa mama. Watu wakatazamana. Dada yake baba, mwenye nyumba ya mawe na maneno ya mawe, akagusa tonge kwa ncha ya kidole, akamgeukia mama.

"Wifi, wali gani huu?"

"Huo ni wali wa nyumba yenye mtoto," mama akasema, akakaa kwenye sinia, akatia mkono, akala wa kwanza. Akala akiwatazama. Mmoja akamfuata, kisha wote, na masinia yakarudi jikoni matupu.

Ndipo wifi alipotoka chumbani. Alikuja akishika ukuta, polepole, kwa miguu yake, mtoto nimembeba mimi nyuma yake. Wanawake wakapiga vigelegele, na kelele zile zikamshtua mtoto. Akafungua mdomo. Sauti iliyotoka humo ilijaza ukumbi ikatoka madirishani ikaenda barabarani, sauti nene ya mtoto mwenye hasira na kila mtu aliyezaliwa kabla yake. Wageni wakaziba masikio wanacheka. Jirani mkongwe akanipokonya mtoto, akaanza kumrusharusha na kumwimbia anyamaze.

Mama alinyoosha mkono akamzuia. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

"Mwache alie," alisema. "Yule wa kwanza sikumsikia."